Kiingereza cha waongoza watalii Bagamoyo: somo la "widespread"

Darasa hili la jioni limekusudiwa wanaowatembeza wageni Mji Mkongwe na Kaole. Ubora wake ni kwamba neno halifundishwi peke yake. Linakuja na maneno linayozoea kuandamana nayo.

Somo la "widespread" (-lioenea) ndilo linalostahili ada. Kosa linalosikika sana ni "Malaria is widespreading". Chanzo kinajulikana: sisi tuna kitenzi, malaria imeenea, basi mtu analinyambua neno la Kiingereza kana kwamba nalo ni kitenzi. Mwalimu anakazia kuwa "widespread" ni kivumishi. Kitanguliwe na "is" au "became", kama "Malaria is widespread here", au kikae kabla ya nomino: "widespread flooding". Hakipachikwi "-ing", "-ed" wala "-ly". Kiswahili kuzungumzwa sehemu nyingi ni "widely spoken", basi.

Kisha yanakuja maneno jirani. "Common" ni la vitu vya kila siku: "Carved doors are common in the old town". "Prevalent" hutumika zaidi kwa maradhi na mazoea, likifuatwa na "in" au "among": "Anaemia is prevalent among young children". "Rampant" ni la baya lililokosa wa kulizuia: "Dynamite fishing was rampant along this coast". Ukimwambia mgeni ukarimu wetu ni "rampant", atacheka, na ana haki. "Ubiquitous" ni kitu unachokiona kila ugeukapo, kama bodaboda. Kwa kuwa tayari maana yake ni kila mahali, "very ubiquitous" ni kuongeza chumvi.

Udhaifu uko kwenye matamshi. Karatasi za somo hazionyeshi mkazo, na ulimi wa Mswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake ni "preVAlent" na "ubiQUItous", maneno ambayo mgeni anaweza asiyatambue kabisa. Mkazo wa la kwanza uko kwenye "pre", wa la pili kwenye "bi". Pigia mstari silabi hiyo mwenyewe kabla ya kukariri.

Maneno pia ni mengi kwa jioni moja. "Pervasive" (-liopenya kila mahali), ambalo nalo limo somoni, lingengoja: mwenye "common" na "widespread" tu anamaliza ziara nzima bila kukwama. Nenda na sentensi zako tano ulizoandika kuhusu Bagamoyo, ukae safu za mbele: usahihishaji hufanywa dakika za mwisho, na wa nyuma mara nyingi hawafikiwi.