TAHADHARI: Muuzaji wa mashine za kufulia anayekata waya wa ethi ili kuficha hita mbovu

Naandika kuwatahadharisha wote wanaotafuta mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika, kwa sababu yupo muuzaji anayezitangaza mtandaoni kama mali ya familia inayohama, na ile aliyoniuzia mimi ilikuwa imechezewa kwa makusudi ili ubovu wake usijitokeze siku ya kujaribiwa. Fedha nimekwisha kuzihesabu kuwa zimepotea. Ninaandika kwa sababu mashine hiyo ilimrusha mke wangu, na kwa namna kazi ile ilivyofanywa kwa ustadi, siamini kwamba yangu ndiyo ya kwanza kupitia mikononi mwake.

Tangazo lilisema mashine imetumika miezi sita tu. Nilipofika aliiwasha mbele yangu bila kusita: ikavuta maji, ikazungusha, ikamwaga, ikakamua, na baada ya muda mfupi akafungua mlango akiwa anatabasamu. Leo ninafahamu kwamba alichagua programu ya kusuuza kwa maji baridi, ambayo haiwashi hita hata kidogo. Nilipomwomba aijaribu kwa maji ya moto alisema programu hiyo ni ndefu na kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani. Hapo ndipo nilipopaswa kuaga, lakini nililipa.

Siku ya kwanza nyumbani nilipitisha mgongo wa kidole kwenye ukingo wa bati, karibu na mlango, nikahisi msisimko kama wa sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Nilimpigia simu muuzaji, naye akanijibu kwa utulivu kabisa: “Kaka, hiyo ni kawaida kwa mashine yoyote yenye bodi ya bati, wewe vaa ndala tu.” Jibu hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linawanasa watu. Ndani ya mashine nyingi za kisasa kuna kichujio cha umeme chenye kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizounganishwa na bodi, ambazo hupitisha mkondo mdogo sana. Waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ukiwa mzima, mkondo huo hushuka ardhini bila mtu yeyote kuutambua. Waya huo ukikatika, bodi hubaki na takriban nusu ya volti za nyumba, yaani kama volti 115 pale ambapo nyumba inatumia volti 230. Mkondo wa namna hiyo peke yake ni mdogo mno kuweza kuua, lakini mtu anayeuhisi anapaswa kuelewa kwamba ethi haifiki kwenye bodi, ama kwa kosa la mashine au kwa kosa la soketi. Ndala hazirekebishi lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya tatu mke wangu aliweka mashuka kwa nyuzi joto 60. Maji yalipokuwa yanaendelea kupashwa, alinyoosha mkono mmoja kufunga bomba la sinki huku mwingine ukiwa umeshika ule ukingo wa bati. Alirushwa hadi ukutani, na wakati huohuo umeme wa nyumba nzima ukakatika. Aliyemwokoa ni breka ya umeme unaovuja, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia kilichoandikwa T, ambayo kwa kawaida majumbani huwekwa ya kukata pale mkondo unaovuja unapofikia miliampia 30. Breka za kawaida zisingesaidia kitu, kwa kuwa zenyewe husubiri ampia nyingi, na mwili wa mtu haupitishi kiasi hicho. Mkono wake uliuma kwa siku mbili.

Nilimpigia tena muuzaji. Safari hii alinishauri niiondoe breka hiyo, akidai kwamba ina wasiwasi kupita kiasi na haifai kwa mashine zenye hita. Yeyote atakayepewa ushauri huo na muuzaji wa kifaa chochote amchukulie kuwa ni mtu asiyejali uhai wa mteja wake. Baada ya simu hiyo namba yake haikupatikana tena.

Fundi umeme niliyemwita alianza kwa kufungua plagi, na nyaya zote tatu zilikuwemo, zimekazwa vizuri, ule wa kijani na njano ukiwa mahali pake. Kama ningeishia hapo ningesema mashine ni salama. Ni baada ya kuondoa bati la nyuma ndipo tulipoona kwamba waya huohuo wa kijani na njano ulikuwa umekatwa mahali unapoingia ndani ya mashine, ncha yake ikazungushiwa utepe mweusi na kusukumwa nyuma ya kifungo cha kebo. Kisha alipima hita. Kati ya ncha zake na ganda lake la chuma, kipimo kinapaswa kuonyesha mamilioni ya ohm, yaani ukinzani mkubwa usioruhusu umeme kupita. Hii ilionyesha kama elfu nne. Ganda lilikuwa limetoboka kwa kutu chini ya tabaka la chokaa.

Sababu ya kukata waya ikawa wazi. Hita inayovuja kiasi hicho, ethi ikiwa imeunganishwa, ingeangusha breka kila inapoanza kupasha maji, na hakuna mteja ambaye angeinunua. Ukikata ethi, mashine inafanya kazi kana kwamba haina tatizo, hadi siku mtu atakapokuwa yeye mwenyewe ndiyo njia ya kwenda ardhini. Hita mpya si kitu cha gharama kubwa ukilinganisha na mashine, jambo ambalo linanikera kuliko hata zile fedha zangu.

Lipo jambo jingine ambalo sikulizingatia. Kibandiko cha ndani ya mlango, chenye namba ya modeli na namba ya mfululizo, kilikuwa kimebanduliwa, na gundi yake ilikuwa bado inanata. Bila namba hizo huwezi kujua kama mashine ni miongoni mwa zile ambazo kiwanda kilitaka zirudishwe kwa sababu ya kasoro. Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Whirlpool, ambayo mwishoni mwa 2019 ilitangaza nchini Uingereza kurudishwa kwa mashine zaidi ya 500,000 za Hotpoint na Indesit zilizouzwa kuanzia 2014, kwa kuwa kufuli la mlango lingeweza kupata moto kupita kiasi hita inapowaka. Mashine ya aina hiyo ikikosa kibandiko, mnunuzi wa pili hana namna ya kupata habari hiyo.

Ikiwa umenunua mashine ya mtumba siku za karibuni, ichomoe kabisa kwenye soketi, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye ohm, gusa mguu wa ethi wa plagi kwa ncha moja na chuma kitupu cha bodi kwa ncha nyingine; skrubu ya nyuma inafaa, bati lenye rangi halifai. Kipimo kizuri ni chini ya ohm moja. Yangu haikuonyesha muunganiko wowote. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu ethi ya soketi yako, kwa hiyo soketi nayo ikaguliwe na fundi. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aendeshe programu ya nyuzi 60 hadi kioo cha mlango kiwe cha moto, mahali penye breka ya umeme unaovuja. Mimi si mpinzani wa mitumba. Mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa ya mtumba na ilinihudumia miaka tisa.

Muuzaji huyu sitamtaja, kwa sababu jina alilonipa huenda si lake, lakini tangazo lake limerudi tena wiki hii kwa picha zilezile, namba nyingine, na maelezo yaleyale ya familia inayohama. Mashine yangu ipo barazani. Kebo yake nimeikata karibu kabisa na bodi, ili atakayekuja kuichukua kama chuma chakavu asiweze kuichomeka kwa majaribio.