Jumamosi nane za kujifunza usanifu wa huduma hapa Amu, kisiwani Lamu

Ninauza tiketi za boti za Mokowe, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta kazi itakayonitoa kwenye meza ya gatini bila ya kunitenga na biashara, ambayo naipenda, wala kunilazimisha kuandika programu, jambo nisilo na subira nalo. Nilipoona tangazo la kozi ya Jumamosi nane katika kituo kimoja cha mafunzo cha mtaa wa Langoni, lililoahidi kutuonyesha ajira zilizopo mahali biashara inapokutana na teknolojia inayomtanguliza mtu, nililipa ada ya shilingi 7,500 siku ile ile. Kituo sitakitaja, kwa sababu baadhi ya niliyoyaona si ya kusifu.

Kuhusu mazingira sina mengi. Chumba kiko ghorofani, umeme ulikatika mara mbili, na punda wanaobeba mawe ya ujenzi walipolia kichochoroni mwalimu alilazimika kunyamaza mpaka wamalize.

Somo lililostahili ada yote lilikuwa la Jumamosi ya tatu. Sote tunatumia M-Pesa kila siku, lakini wengi wetu hatukujua kwamba majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, yalikusudia jambo jingine: wateja wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wakopaji wakafanya lao. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na waendeshaji wa majaribio, badala ya kuwakemea, waliyazingatia hayo. Safaricom ilipozindua huduma hiyo Machi 2007 iliitangaza kwa jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Mwalimu alituuliza ni nani aliyestahili mshahara mkubwa zaidi kati ya aliyetengeneza programu, aliyepanga bei, na aliyekaa akawatazama wakopaji. Tulibishana hadi adhana ya adhuhuri, na katika mabishano hayo ndipo nilipoelewa kazi ya mtafiti wa watumiaji, anayewatazama na kuwasikiliza watu, ya msanifu wa huduma, anayepanga hatua wanazopitia, na ya meneja wa bidhaa, anayeamua kitengenezwe nini, ambazo kwenye tangazo zilikuwa vyeo tu. Hata vyeo hivi si vya zamani sana: Don Norman, mtaalamu wa Marekani wa usanifu, alipojiunga na Apple mwaka 1993 alijiita msanifu wa tajiriba ya mtumiaji, yaani wa yote anayokutana nayo mtu anapotumia bidhaa, wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa na jina hilo.

Wiki iliyofuata tulitumwa nje kutazama watu. Nilikaa saa mbili kando ya wakala mmoja wa M-Pesa, nikamwona bibi akimpa kijana wa dukani simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti iliyonifikia hata mimi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamuuliza kama hachelei kuibiwa. "Mwanangu," akasema, "huyu namjua mamake." Nilikuwa nimeshaandika daftarini kwamba tatizo ni herufi ndogo za simu, nikalifuta. Hata hivyo hakupata fedha zake, kwa kuwa wakala alikuwa ameishiwa na taslimu, naye akaambiwa arudi baada ya alasiri.

Hapo ndipo kozi ilipoteleza. Tukio lile lilikuwa na mtu, teknolojia na biashara kwa pamoja, kwani hakuna skrini iliyosanifiwa vizuri kiasi cha kumpa bibi noti ambazo wakala hana, na ugumu wa kusawazisha floti (fedha za wakala zilizomo kwenye simu) na taslimu ni suala la mtaji na kamisheni. Mwalimu alisifu uchunguzi wangu, akaendelea na rangi za vitufe. Biashara ilipewa Jumamosi moja tu, na mifano yake yote ilihusu kampuni za ng'ambo ambazo wateja wake hulipa kila mwezi kwa kadi. Nahodha mmoja aliyesoma nasi aliuliza tofauti ya mtumiaji na mteja. Alipojibiwa kwamba mteja ni yule anayelipa, alisema kwamba kwake abiria ni mtumiaji na mwenye hoteli ndiye mteja, na kwamba wawili hao hawataki kitu kimoja hata siku moja. Swali hilo lilistahili Jumamosi nzima. Lilipewa dakika tano.

Nina malalamiko mawili mengine. Tuliambiwa kwamba watu watano wanatosha kujaribu muundo wowote, kauli inayotokana na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia teknolojia, mwaka 2000, bila ya kuelezwa kwamba yeye mwenyewe alitaka watu zaidi pale makundi ya watumiaji yanapotofautiana sana. Na mtalii wa Shela hafanani na mvuvi, wala mvuvi na bibi yule. Pili, tuliagizwa kuwapiga watu picha wakitumia simu, pasipo neno lolote juu ya kuomba ridhaa yao, ilhali Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Mimi sikupiga.

Kwa kufundisha kutazama na kusikiliza nakipa kituo nyota nne kati ya tano. Kwa upande wa biashara, mbili. Anayefanya kazi inayomkutanisha na wateja atafaidika zaidi, kwa sababu atakuja na mifano ambayo mwalimu hana, na ni vyema aulize mapema kama somo la bei na kamisheni limeongezwa. Anayetarajia kuajiriwa kwa cheti peke yake aiweke ada yake mfukoni.

Mimi bado nipo gatini. Mwezi uliopita nilimpelekea tajiri wangu pendekezo la kubadilisha jinsi abiria wanavyoagiza nafasi kwa simu, likiwa na kurasa tatu za maneno yao wenyewe. Alizisoma zote kwa makini, akavua miwani, akaniuliza litamgharimu kiasi gani. Niliomba siku mbili.