Shawa ya umeme Tabora: anza na waya, shawa baadaye

Mwangaluka! Karibuni tena. Juni imeingia, na nyie mnaooga saa kumi na moja alfajiri mnajua maji ya simtanki yanavyouma. Wengi mmeniuliza ninunue shawa gani ya umeme. Hii niliyoshika ni Lorenzetti, jina la Brazil, wati 5,500, ngazi tatu za joto. Madukani ziko za majina mengine kibao, ila ndani ni kitu kilekile: koili inayopasha maji yakiwa yanapita.

Sasa iweke pembeni kwanza, tuangalie waya wa nyumbani kwako. Wati 5,500 ukigawa kwa volti 230 unapata ampia 24 hivi. Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampia 13. Kwa hiyo fundi akikwambia "tunachomeka tu kwenye soketi ya koridoni", mpe nauli arudi kwao. Shawa inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, breka ya ampia 32, na ile swichi kubwa yenye taa nyekundu, nje ya bafu. Mafundi wengi hufunga waya wa milimita za mraba 4. Mimi nasema 6, maana huku kwetu waya unapita darini chini ya bati, na lile joto la mchana linaupunguzia uwezo. Ndiyo, waya na breka vinaweza kukugharimu kuliko shawa yenyewe. Kama hela haitoshi kwa vyote, subiri.

Ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, hapa tukae. Koili za shawa nyingi za aina hii ziko uchi ndani ya maji, kwa hiyo umeme kidogo unavuja kwenye maji, na ethi ndiyo njia yake ya kutokea. Ukiikosa, njia inakuwa wewe, umesimama na povu kichwani. Kuna watu wananiambia "inanitekenya kidogo tu ukigusa bomba". Jamani! Zima breka, oga kwa ndoo, mwite fundi. Na awe fundi mwenye leseni ya EWURA, apime ethi kwa mita. Kuona nondo imechomekwa ardhini haitoshi, hasa kwenye nyumba za zamani zile za waya mwekundu na mweusi. Mwambie aongeze na RCD, ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja, ya miliampia 30.

Mnaotumia kisima chenye maji ya chumvi, ulizeni dukani ile yenye koili iliyofunikwa. Chumvi inapitisha umeme zaidi na inaila koili. Wenye maji ya bomba, haya yanayotoka Ziwa Victoria, ya kawaida inatosha.

Presha nayo: ndani kuna kiwambo ambacho maji yakikisukuma ndipo umeme unawaka. Simtanki likikaa chini sana, hata mita moja juu ya shawa haifiki, utazungusha bomba na maji yatoke baridi vilevile. Siku ya kwanza, acha maji yapite ndipo uwashe breka. Koili ikiwaka kavu imekwisha hapohapo. Na ukitaka kubadili ngazi ya joto, funga bomba kwanza.

Ngazi ya juu wala huihitaji mara nyingi. Wati 5,500 zikipasha lita 4 kwa dakika zinapandisha joto kama nyuzi 20, na maji ya Tabora si ya barafu.

Tuje kwenye LUKU. Dakika 8 kwa ngazi ya juu zinakula karibu robo tatu ya uniti. Watu watano kila siku, mwezi unafika uniti kama 110. Uko D1, ile bei ya watumiaji wadogo, unanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi? Umeshapitiliza, na zinazozidi zinakwenda shilingi 350 kila moja. Kwa nyumba kama hiyo sikushauri. Ndoo ya lita 10 kuifikisha uvuguvugu wa kuogea inahitaji kama robo ya uniti tu.

Wapangaji, malizaneni na mwenye nyumba kabla fundi hajatoboa ukuta: shawa mtaondoka nayo, waya wa 6 unabaki kwake.