Ampu nyepesi ya besi kwa wapigaji wa Moshi: ipi ununue kwanza

Mpiga besi wa Moshi anayealikwa kipaimara Marangu Jumamosi, kisha anatakiwa kwenye ibada mjini Jumapili asubuhi, asianze kuuliza wati. Aulize kama chombo kitapanda bodaboda. Hicho ndicho kigezo nilichotumia kupanga hapa, maana ampu nzuri inayobaki nyumbani kwa kukosa usafiri haiisaidii kwaya wala bendi.

Zamani uzito haukuwa na dawa. Ampeg SVT, iliyotoka 1969 na wati zake 300 za valvu, hedi (ampu yenyewe bila spika) peke yake inazidi kilo 35, na boksi lake la spika nane linataka wanaume wawili. Hedi za sasa za daraja D (aina ya ampu isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) zimeachana na transfoma kubwa ya chuma na shaba, na spika za neodimiamu, madini ya sumaku kali, hupata nguvu kwa sumaku ndogo. Kwa hiyo wepesi wa leo si dalili ya ubovu, hata kama muuzaji wa vyombo vya zamani atakwambia hivyo.

Nafasi ya kwanza naipa hedi ndogo ya daraja D pamoja na boksi moja la spika ya inchi 12 ya neodimiamu. Trace Elliot ELF, kwa mfano, haifiki kilo moja na inaingia kwenye mfuko wa gitaa. Inatoa wati 200 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Kwenye boksi moja la omu 8 utapata karibu 130. Hilo lisikukatishe tamaa, kwani kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Bado nakushauri ununue boksi la omu 8. Siku ya ukumbi mkubwa utaazima la pili kama hilo, mawili kwa pamoja yatakuwa omu 4, na hedi itatoa nguvu yake yote. Kati ya hedi na boksi tumia waya wa spika, kamwe usitumie ule wa gitaa, ni mwembamba na utapata moto. Na kanisani kwenye vyombo kamili unabeba hedi tu, unatoa DI (njia ya kupeleka sauti moja kwa moja) kwenda kwenye miksa.

Ya pili ni kombo nyepesi, yaani ampu na spika ndani ya boksi moja. Fender Rumble 100 ina kilo 10 hivi, spika ya inchi 12 na tundu la kupeleka sauti kwa fundi mitambo. Kwa kijana anayeanza kwaya ningemnunulia hii bila kusita: anachomeka, anapiga. Rumble 40 ni nyepesi zaidi, inatosha mazoezi na kanisa dogo. Rumble 25 iache, haina tundu hilo la miksa.

Pedali ya priampu (inayoandaa sauti kabla ya kukuzwa) yenye DI, kama SansAmp Bass Driver, naiweka ya tatu. Inakaa mfukoni, lakini unakuwa umejikabidhi kwa vyombo vya wengine. Vijijini Kibosho au Machame mara nyingi vinavyokuwepo ni spika za kuimbia, na uzi wa E, wenye sauti nzito kuliko zote, uko kwenye hezi 41. Spika hizo hazifiki huko. Unaona vidole vinacheza, besi huisikii. Spika ya inchi 12 yenye ampu ndani yake ni ya nne, ina maana kama kwaya inachangishana ili na mpiga kinanda aitumie. Ampu ya gitaa la solo haimo kabisa.

Kabla ya kulipa, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kilichotoka Marekani huenda ni cha 120, cha Japani 100, na ukikichomeka moja kwa moja kinaungua papo hapo. Tafuta kilichoandikwa 100–240, au chenye swichi ya kuchagua, na uhakikishe swichi iko 230. Cha Uingereza kinatumia umeme na plagi kama zetu.

Kama ni cha mtumba, nenda na besi yako na waya wako. Piga E wazi, ongeza sauti polepole, sikiliza kama boksi linatetemeka kama bati. Zungusha kila kitufe. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, lakini sauti ikikatika na kurudi, achana nacho. Kisha zima, weka vidole pande mbili za koni, isukume ndani taratibu na kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeshagusa sumaku, na bei ya spika mpya uitoe kwenye bei unayoambiwa.

Na ukishanunua, tafuta turubai kabla ya masika. Barabara za mlimani zina mvua ya ghafla, na boksi la mbao likilowa hufumuka kwenye kona.