Kiev, Tianjin: ukipanda, anzia omo

Ukiwa Tianjin, China, kwa masomo au kwa kufuata bidhaa, tenga siku uende Binhai ukaione Kiev, manowari ya Kisovieti ya kubeba ndege iliyogeuzwa makumbusho. Mimi ni fundi wa mitambo ya meli, na sijapanda chombo kingine ambacho mvutano wa wabunifu wake unaonekana wazi hivi.

Wageni wengi hukimbilia ndege wakapige picha. Wewe anzia omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Pale ambapo Wamarekani wangeacha sitaha tupu ya kurushia ndege, Kiev imejaa silaha: mizinga, na mapipa 8 ya makombora ya Bazalt, ya kuzamishia meli. Lisogelee pipa moja. Mikono yako miwili haitalikumbatia hata nusu. Sitaha ya ndege imesukumwa kushoto kwa mnara, ikakatwa mshazari kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Kwa helikopta ilitosha. Jeti za Yak-38 ilibidi zipae wima, zikiunguza mafuta mengi kabla hata ya kuanza safari, na kwenye joto la tropiki injini zilipungukiwa nguvu.

Kabla yake kulikuwa na meli iitwayo Moskva, ya 1967: mbele manowari kamili, nyuma uwanja wa helikopta za kusaka nyambizi. Kiev, iliyoingia kazini 1975, iliendeleza wazo hilohilo. Kombora ndilo linalopiga, ndege inalinda. Na kulikuwa na faida nyingine: zote ziliundwa Nikolayev, Bahari Nyeusi, na njia ya kutokea ni Istanbul, ambako Mkataba wa Montreux wa 1936 unazibana meli za kubeba ndege. Kwa mapipa yale, Wasovieti waliiandikisha kama kruza, yaani manowari ya silaha na si ya kubeba ndege, ikapita mwaka 1976.

Hata Admiral Kuznetsov, iliyokuja baadaye na sitaha wazi yenye omo iliyopinda juu ili jeti za Sukhoi zikimbie na kuruka, iliundwa na makombora 12 ya Granit chini ya sitaha hiyohiyo. Meli iliyofuata, Ulyanovsk, ya injini za nyuklia na yenye manati (mitambo ya kusukuma ndege ziruke), ilikatwakatwa ingali kiwandani. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Kwangu Kiev inastahili nyota tano. Pita pia hangari, ghala la ndege chini ya sitaha, utazame jinsi ilivyo nyembamba kwa meli ya mita 273. Vaa viatu visivyoteleza, maana ngazi za ndani zimesimama wima, na mtoto mdogo mbebe mgongoni.