Video ya kampuni changa kwa shilingi 45,000: uzoefu wangu na vijana wa River Road

Kama unaanzisha kampuni Nairobi na mfuko hauruhusu mengi, pesa ya video ipeleke kwanza kwenye sauti. Nasema hivi baada ya kufanya kazi na kundi la vijana watatu wenye kiofisi ghorofani River Road, mtaa ule ule ulioipa Riverwood, tasnia ya filamu za bei nafuu za Kenya, jina lake. Tuliwalipa shilingi 45,000 kwa video ya sekunde 90, pamoja na vipande vifupi vya kuweka kwenye status ya WhatsApp. Kampuni nyingine tuliyoiomba bei ilitaka 280,000, na kwenye orodha yake droni ilikuwa juu kabisa.

Sisi tunatengeneza programu ya simu ya mafundi cherehani. Inahifadhi vipimo vya wateja, inawakumbusha siku ya kuchukua nguo, inapokea malipo kwa M-Pesa. Mafundi wetu wa kwanza wako Uhuru Market, kule Jogoo Road. Droni ingetuonyesha mabati tu. Halafu kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na irushwe kwa idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh haiko mbali na soko lile. Dada anayeongoza kundi aliifuta droni kabla hatujamaliza chai, kisha akatuuliza: "Ni fundi yupi anayetumia programu yenu kila siku bila nyinyi kumkumbusha?" Tukamtaja mama mmoja anayeshona sare za shule. "Basi huyo ndiye ataongea. Nyinyi mtakaa nyuma."

Uamuzi huo peke yake ulitufaa kuliko kamera yoyote. Mwenye kampuni akijieleza mbele ya kamera huongea kama anaomba mkopo. Fundi anaeleza jinsi daftari la vipimo lilivyomlowa msimu wa kufungua shule, na mafundi wenzake wanamwelewa mara moja.

Uhuru Market ina kelele kweli. Cherehani zinakimbia kila upande, redio zimewashwa, na Jogoo Road iko hapo nje na matatu zake. Vijana walifika mapema kabla vibanda vingi havijafunguliwa. Wakamkalisha mama katikati ya majora ya vitambaa, kwa kuwa kitambaa hunyonya mwangwi, wakatundika blanketi zito upande uliobaki wazi. Maiki ndogo ikafichwa ndani ya kola, mbali na utepe wa kupimia usije ukaigusa. Alipomaliza kusema, wakamwomba asiondoke.

"Sasa tunangoja nini, mwanangu?"

"Tunachukua sauti ya kibanda chenyewe, Mama. Kaa tu kidogo tunyamaze."

Ile sauti tupu ya kibanda ndiyo iliyotumika kuziba mapengo wakati wa kuhariri, hivyo husikii mahali popote palipokatwa. Cherehani nayo ilirekodiwa peke yake, maiki ikiwa karibu na sindano, na mdundo wake ndio ulioibeba video mwanzo hadi mwisho. Hatukununua muziki, na hakuna wimbo wa mtu ambao utatuletea dai la hakimiliki kesho kutwa.

Kwenye mwanga pia wanajua kazi. Kibanda kina taa za tyubu, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera isipopangwa vizuri taa huonekana zikipepesa. Walipiga fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, ikiwa 1/50 ya sekunde, na picha ikatulia. Rangi ndiyo iliyonikera kwenye nakala ya kwanza: uso wa mama ulikuwa na ukijani wa tyubu, na mhariri aliuangaza hadi ngozi yake ikapoteza rangi yake halisi. Tuliirudisha. Ya pili ilikuwa yeye kabisa.

Nimewapenda pia kwa jambo ambalo wengi hulipuuza. Walikuja na fomu za idhini zilizoandikwa kwa Kiswahili, wakamsomea mama na kila jirani aliyeonekana kwenye picha kabla hajatia sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya mchezo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga klabu moja ya burudani hapa Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Faini kama hiyo ingetufunga.

Upungufu wao mkubwa ni Jumamosi. Kundi hili linaishi kwa kupiga video za harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari, na wikendi ikifika hupati jibu la simu wala ujumbe. Ukitaka video kabla ya kukutana na wawekezaji Jumatatu, hawa si watu wako. Mkataba wao pia unaruhusu masahihisho mara mbili tu, ya tatu unalipia, kwa hiyo kusanya maoni ya wenzako wote kwanza ndipo uwatumie.

Manukuu yamo ndani ya bei, na msiyakatae. Mtu aliye kwenye matatu huangalia video bila sauti, na maneno yale ndiyo humzuia asipite. Tulipewa nakala mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama, pamoja na nyingine nyepesi ya kutuma kwa mtu mwenye bando dogo. Mafundi wanatumiana hiyo nyepesi wenyewe.

Kabla hujalipa salio, dai mafaili yote ghafi kwenye diski yako, na liandikwe kwenye mkataba. Hawa walitupa bila ubishi, na mpaka leo tunakata humo vipande vipya kila tukiongeza kitu kwenye programu. Swali moja tu alilouliza mama kuhusu vifungo vya nguo limeshatupa klipu mbili.