Mama mboga wetu wa Umoja, Nairobi, wakati wa corona: nampea nyota nne

Sijawahi kuandika review ya kibanda cha mboga lakini huyu mama wacha nimwandikie.

2020 mwezi wa nne kafyu ilikuwa saa moja jioni. Natoka job Industrial Area saa kumi na moja, matatu ya watu 14 inabeba 8 tu na fare imepanda, nikishuka stage ni mbio. Siku moja nikampata akifunga, nikamwomba sukuma ya ishirini, akanikatia haraka haraka akaniambia kuanzia kesho nitume meseji mchana. Basi ikawa hivyo, saa nane natuma WhatsApp, jioni nikipita napata kamfuko kamefungwa, sukuma imekatwa, nyanya, kitunguu na dhania ambayo hata sikuagiza.

Kulipa ilikuwa M-Pesa, si unakumbuka Safaricom waliondoa ada ya kutuma chini ya 1000? Wale wa sarafu aliwawekea beseni ya maji ya Omo, pesa inaoga kwanza, chenji unapewa ikidondoka maji. Tulimcheka sana.

Lakini yenye ilinishika ni ya mathe. Mathe ana sukari, nilikuwa nimemkataza kutoka nje. Mama mboga kusikia hivyo, akaanza kutuma kijana wake, anaangika mfuko kwa geti, anagonga na jiwe mara tatu kisha anarudi nyuma. Halafu anapiga simu mwenyewe, "Mama, umeona managu? Leo ni freshi. Na dawa umekunywa?" Mimi mtoto wake hiyo ya dawa nilikuwa nasahau kuuliza.

Wiki hizo hizo niliagiza unga na sabuni online kwa supamaketi moja kubwa, nikaagiza Jumatatu zikafika Alhamisi, na kila nikipiga simu ni sauti ya kurekodiwa inaniambia afya yangu ni muhimu kwao. Sawa.

Nyota moja nimetoa kwa sababu barakoa alikuwa anavalia kidevu, na nyanya za chini ya mfuko mara nyingi zilikuwa za supu. Kuna siku pia alinipea terere ya mtu mwingine, nikaila tu.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Mpaka wa leo nikichelewa kutuma, saa tisa simu inalia: "Kastoma, leo ni sukuma ama kabeji?"